Mlima wa Mwanza Hauhitaji Cc 150

"Mwanza ni milima, chukua 150." Kila kijana anayetafuta pikipiki ya biashara katika jiji hili anapewa ushauri huu. Anaupata kijiweni Buzuruga, anaupata kwa fundi, anaupata dukani kabla hata hajataja bei aliyonayo mfukoni. Umerudiwa mara nyingi mpaka umekuwa kama sheria, na anayenunua 125 anaonekana ni mtu aliyeishiwa hela njiani. Nasema wazi: kwa bodaboda wa mjini anayebeba abiria mmoja, ushauri huu ni mbaya. Unamtoa hela kila siku, na huo mlima unaotajwa siyo sababu yake ya kweli.

Tuanze na mlima wenyewe, maana ndio unaosingiziwa. Chukua pikipiki ya kilo 115, dereva wa kilo 70 na abiria wa kilo 75. Jumla kilo 260. Ipandishe barabara inayoinuka mita 15 kwa kila mita 100, mwinuko ambao kwa barabara ya gari ni mlima mkali kwelikweli, kwa mwendo wa kilomita 30 kwa saa. Hesabu yake ni ya fizikia ya sekondari: kuuinua mzigo huo kwa mwendo huo kunataka nguvu za farasi 4 na kidogo. Weka na zinazopotea kwenye matairi, cheni na giaboksi, bado hufiki 6. Pikipiki za cc 125 zinazofanya kazi hapa kwetu zina nguvu za farasi kati ya 9 na 11. Mlima umepandwa, na akiba imebaki.

Kuna atakayesema nguvu hizo hupatikana injini ikiwa inazunguka kwa kasi, siyo inapojikongoja. Ni kweli, na giaboksi ipo kwa ajili hiyo. Kaa pale chini ya kilima cha Bugando asubuhi, wagonjwa na ndugu zao wanapopandishwa hospitalini, usikilize. Dereva anaingia mlimani na gia ya tatu. Injini inaanza kutetemeka, sauti inazama. Badala ya kushuka gia ya pili mapema anaongeza mafuta, pikipiki inakaribia kuzima, ndipo anabamiza gia huku abiria akirushwa mbele. Akifika juu anasema chombo hakina nguvu. Nyuma yake anakuja mwingine mwenye 125 ileile, ameshusha gia kabla mwinuko haujaanza, anapita bila kelele.

Na kama kweli pikipiki inazidiwa, dawa yake ya kwanza iko kwenye sproketi. Ukitoa sproketi ya mbele yenye meno 14 ukaweka ya meno 13, nguvu ya kusukuma inayofika kwenye gurudumu la nyuma inaongezeka kwa karibu asilimia 8. Unachopoteza ni mwendo wa juu, ambao katikati ya jiji huwa hautumiki. Cheni nayo italika mapema kidogo, hilo lisifichwe. Lakini linganisha na tofauti tunayouziwa dukani: Boxer inayoitwa 150 ina cc 144.8, yaani imeizidi 125 kwa asilimia 16 hivi. Jino moja la sproketi limeshakupa karibu nusu ya tofauti hiyo kwa bei ya spea ndogo. Tazama sproketi zinazofunguliwa na mafundi wa mjini: meno yamechongoka na kulala upande mmoja, cheni imelegea mpaka inagonga kava. Mwenye pikipiki hiyo ndiye anayelalamika kwamba cc hazitoshi.

Tuvuke ziwa. Kampala ni mji wa vilima kama wetu, na bodaboda iliyoujaza mji ule miaka yote hii ni Boxer ya cc 100. Mia moja. Inapanda na kushuka na abiria kutwa nzima. Huko Kenya, 150 ndiyo iliyoshika soko, hata Kisumu kwenye tambarare ya Kano. Ingekuwa milima ndiyo inayochagua injini, mambo yangekuwa kinyume: Kampala wangepanda 150 na Kisumu wangetosheka na 100. Watu wananunua kilichozoeleka kwao, halafu wanatafuta maelezo baadaye.

Na sisi wakubwa tunasahau haraka. Mabwana shamba wa miaka ya 1980 na 1990 waliotembelea wakulima wa pamba huku kanda ya ziwa walifanya kazi hiyo kwa Honda XL 125 na Yamaha DT 125, kwenye tope la masika na kokoto, gunia limefungwa nyuma. Sikumbuki wakiambiwa pikipiki zao ni za mayai.

Basi hizo cc 20 za ziada zinatakiwa kwa kazi gani? Rudi kwenye hesabu yetu, ila sasa pandisha abiria watatu. Uzito unapita kilo 400. Mlima uleule, mwendo uleule, unataka zaidi ya nguvu za farasi 6 na nusu kabla hujahesabu zinazopotea njiani. Hapo 125 inaanza kuhema, na hapo ndipo sifa ya 150 inapozaliwa. Imezaliwa kwenye mshikaki, yaani kupakia abiria zaidi ya mmoja. Sheria inaruhusu abiria mmoja, na kila dereva anaijua. Tunaponong'onezana kwamba "hii inavuta", mara nyingi tunamaanisha inavuta mama na watoto wawili wa shule na mikoba yao kupanda Isamilo. Mlima unatajwa kwa sababu mshikaki hauwezi kutajwa mbele ya askari.

Hapa ndipo hasira yangu ilipo, na siifichi. Injini ikiongezwa cc, breki hazikui kwa kiasi hicho. Pikipiki nyingi za kazi zilizoko barabarani, 125 na 150, zina breki za ngoma mbele na nyuma, spoku zinafanana, matairi ni membamba vilevile. Kupanda na watu watatu kunawezekana ukiwa na injini. Kushuka nao kunategemea breki, na ile ya nyuma imeshaisha, ukiikanyaga unasikia chuma kinalia. Kwenye barabara za mawe za Igogo na Mabatini, mvua ikinyesha, cc hazisimamishi kitu.

Mwaka 2010 Dk. Phillipo Chalya na wenzake wa Hospitali ya Bugando walichapisha utafiti juu ya majeraha ya pikipiki jijini Mwanza, wakaonya kwamba ni tatizo la afya ya jamii linaloibuka. Majeruhi wengi walikuwa vijana wa kiume, na majeraha mengi yalikuwa ya viungo na kichwa. Huo ulikuwa mwaka 2010, bodaboda wakiwa hawajajaa kama leo. Laki kadhaa unazoziongeza ili upate 150 zingenunua kofia ngumu mbili za maana, moja yako na moja ya abiria, na tairi zenye meno, na breki mpya mbele na nyuma, na chenji ikabaki. Sijawahi kusikia kijiweni mtu akisifiwa kwa breki.

Wengine wanashikilia kwamba injini kubwa inadumu. Injini hizi zinapozwa kwa upepo na zinabeba oili ya lita moja hivi. Lita moja ndiyo inayolainisha pistoni, giaboksi na klachi, zote pamoja. Ukiiacha mpaka iwe nyeusi kama lami, ukinunua oili ya kupimiwa isiyojulikana ilikotoka, ukiacha kichujio cha hewa kijae vumbi la Buhongwa, 150 itaanza kutoa moshi wa bluu sawasawa na 125. Kinachoua injini nyingi mapema ni uzembe huo na mzigo wa kupita kiasi. Nakubali kwamba 125 inayoendeshwa mafuta yakiwa wazi mpaka mwisho kutwa nzima itachoka mapema. Mjini, kati ya Nyegezi na Kirumba, ukiwa na daladala mbele yako, utafungua mafuta mpaka mwisho wapi?

Siyo kwamba 150 haina mahali pake. Anayeamkia Igombe au Kayenze kuchukua magunia ya dagaa na kuyafikisha soko la Mwaloni kila siku, anunue 150, nitamuunga mkono. Vivyo hivyo anayetoka Mwanza kwenda Magu au Bunda kwenye lami ndefu, ambako injini ndogo inalia saa nzima bila kupumzika. Tangu Juni 2025 Daraja la J.P. Magufuli lilipofunguliwa kati ya Kigongo na Busisi, kilomita 3 hivi juu ya ziwa, safari za Sengerema hazingoji kivuko tena, na anayezifanya mara kwa mara ana hoja. Lakini hao wanajijua. Wengi wanaouziwa 150 kazi yao ni sokoni mpaka Mahina, na stendi mpaka Mkolani.

Lipo pia suala la leseni, ambalo wauzaji hawaligusi. Daraja A1 ni la pikipiki zilizo chini ya cc 125, na hizi tunazoziita 125 kwa kawaida zina cc 124 na pointi kadhaa, kwa hiyo zinaangukia humo. Inayozidi 125 inataka daraja A. Kijana mwenye A1 anayetoka dukani na 150 ameanza kuvunja sheria siku ya kwanza, na ikitokea ajali atakuwa ameipa kampuni ya bima sababu ya kukataa kulipa.

Nimalizie na hela. Petroli Mwanza huwa juu kuliko Dar es Salaam kwa sababu ya usafiri, kama bei elekezi za EWURA zinavyoonyesha kila mwezi. Tuweke lita kwa shilingi 3,000. Tuseme dereva anazunguka kilomita 120 kwa siku, 125 inakwenda kilomita 48 kwa lita na 150 inakwenda 40. Ya kwanza itakunywa lita 2 na nusu, ya pili lita 3. Nusu lita hiyo ni shilingi 1,500. Kwa siku 26 za kazi ni 39,000, kwa mwaka 468,000. Badilisha namba uweke za kijiwe chako, jibu litasogea kidogo tu. Vikundi vya vijana vinavyoomba mkopo wa halmashauri, kwenye ile asilimia 4 ya mapato ya ndani iliyotengwa kwa vijana, viweke mstari huu kwenye andiko lao kabla ya kuandika aina ya pikipiki.

Wataniambia 150 ina soko ukitaka kuiuza. Ni kweli, inashika bei. Lakini anayenufaika na bei hiyo ni nani? Vijana wengi wanaoendesha hapa mjini pikipiki siyo zao. Bosi ananunua, bosi anachagua cc akifikiria siku ya kuuza, na hesabu, ile hela ya siku, anapelekewa kila jioni. Mafuta ananunua dereva. Hata kwenye mkataba, ambao mwishoni pikipiki inakuwa ya kijana, injini imeshachaguliwa na mtu ambaye hatasimama kituo cha mafuta hata siku moja. Kwa hiyo madereva, kabla hamjasaini, daini kuchagua injini ninyi. Bosi aking'ang'ania 150, hesabu yake ya siku ipungue shilingi 1,500, na iandikwe hivyo kwenye mkataba.