Shabiki Arudiaye Onyesho: Mhakiki Asiyetambuliwa

Mwenda tezi na omo, wahenga walinena, marejeo ni ngamani. Methali hii aghalabu hutumiwa kumwonya mtu atangaye huku na huko akasahau kwao. Yapo, hata hivyo, marejeo ya aina nyingine ambayo wasomi wa fasihi hawajayatungia methali wala istilahi. Ni marejeo ya mtu aliyelipa kiingilio, akaketi, akaitazama tamthilia hadi tamati, kisha wiki ifuatayo akarudi kuitazama tamthilia ileile, yenye maneno yaleyale na nyimbo zilezile. Akirudi mara ya pili, wenzake hutabasamu. Akirudi mara ya kumi, huulizwa iwapo hana kazi ya kufanya. Na iwapo onyesho lenyewe ni la kundi linalozunguka mijini, naye akalifuata kutoka mji hadi mji, hapo hudhaniwa kuwa amerukwa na akili.

Dhana hiyo haina mashiko. Shabiki huyu anafanya, kwa gharama yake mwenyewe na bila kutarajia shahada, kazi ambayo wahakiki wa tamthilia wanapaswa kuifanya na ambayo wengi wao hawaifanyi.

Mfano ulio bayana zaidi unatoka Marekani. Tarehe 29 Aprili 1996, tamthilia ya kimuziki iitwayo Rent, yaani kodi ya nyumba, ilifunguliwa katika ukumbi wa Nederlander, Broadway, jijini New York. Mtunzi wake, Jonathan Larson, hakuuona usiku huo. Alikuwa amefariki ghafla tarehe 25 Januari mwaka huohuo, akiwa na umri wa miaka 35, maonyesho ya majaribio yakiwa karibu kuanza katika ukumbi mdogo wa New York Theatre Workshop. Larson aliiazima hadithi ya opera ya Puccini, La Bohème, iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza mwaka 1896, akaihamishia katika mtaa wa East Village miongoni mwa wasanii wachochole wasioweza kulipa kodi. Kifua kikuu cha Puccini kikawa Ukimwi. Tamthilia hiyo ilitunukiwa Tuzo ya Pulitzer mwaka 1996, ikadumu Broadway hadi tarehe 7 Septemba 2008 baada ya maonyesho 5,123, mbali na makundi ya ziara yaliyoizungusha katika miji mingine.

Jambo la kuzingatiwa hapa si wingi wa maonyesho bali ni tikiti. Wenye onyesho waliamua kwamba viti vya safu mbili za mbele, ambavyo kwa desturi huwaendea wenye uwezo, viuzwe kwa dola 20 siku yenyewe ya onyesho. Ilionekana kuwa ni kejeli tamthilia ya watu wasio na kodi kutazamwa na matajiri pekee. Vijana wakaanza kulala barabarani usiku kucha ili wasikose nafasi katika foleni. Baadaye foleni ikaondolewa na bahati nasibu ikachukua mahali pake. Makundi ya ziara nayo yaliubeba utaratibu huu popote yalipotua. Matokeo yake ni kwamba waliokaa karibu kabisa na jukwaa, wakionekana na waigizaji uso kwa uso, ni watu ambao baadhi yao walikwisha kuitazama tamthilia mara nyingi. Wakapewa na jina lao, Rentheads. Mwenye pesa akaketi nyuma yao, naye kwa kawaida alikuja mara moja tu.

Je, huyu wa mbele alikuwa akitazama nini ambacho hakukimaliza mara ya kwanza?

Yamkini jibu lianze na kikaratasi. Katika kumbi za aina hii, mwigizaji mkuu asipoweza kupanda jukwaani, kikaratasi chembamba huchomekwa ndani ya kijitabu cha onyesho kutangaza kwamba nafasi yake itachukuliwa na mwigizaji wa akiba. Mtazamaji wa mara moja hukiona kikaratasi hicho kuwa ni hasara: alimlipia fulani, amepewa mwingine. Anayerudi huchangamka. Leo ataweza kutenganisha kilichomo katika matini na kilichomo katika mwili wa mwigizaji. Ile pumzi iliyovutwa kabla ya neno la mwisho, je, iliandikwa na mtunzi au ilikuwa mazoea ya mtu mmoja? Ule ukali wa Maureen, je, ni wa Maureen au wa binti aliyemwigiza juma lililopita? Hakuna msomaji wa kitabu awezaye kuyajibu maswali haya, na mtazamaji wa mara moja hata hayajui kuwa ni maswali. Katika sayansi, njia hii ya kushikilia jambo moja na kubadilisha jingine huitwa jaribio. Shabiki anapoifanya, huitwa uraibu.

Isitoshe, tamthilia ya kimuziki imejengwa juu ya marudio. Katika Rent, Angel na Collins huimba wimbo wa mapenzi katika sehemu ya kwanza, kwa furaha ya watu waliopatana jana. Katika sehemu ya pili Angel amefariki, na Collins anauimba wimbo uleule mazishini, mwendo wake ukiwa umepunguzwa na uzito wake ukiwa umeongezwa. Mtazamaji wa mara ya kwanza huupata mguso huo mara moja, pale mazishini, kwa kukumbuka furaha iliyopita. Anayerudi huupata mara mbili, kwani anapousikia wimbo wa furaha tayari anayasikia mazishi ndani yake. Huku ni kusoma kejeli ya kidrama kwa ukamilifu wake: hadhira inajua wasichokijua wahusika. Taharuki, ambayo wanafunzi hufundishwa kuisifu kana kwamba ndiyo roho ya tamthilia, humwisha mtazamaji katika onyesho la kwanza. Kinachobaki baada ya taharuki kwisha ndicho sanaa.

Kisha kuna wakati. Wahusika wa Rent hubeba vidude vinavyolia kuwakumbusha kumeza AZT. Aliyeusikia mlio huo Aprili 1996 aliusikia kama kengele ya mauti. Mwaka huohuo, tiba ya kuchanganya dawa kadhaa ilianza kuubadilisha ugonjwa wenyewe katika nchi zilizoweza kuigharimia, na kufikia 2008 mlio uleule, katika ukumbi uleule, ulikuwa sauti ya zama zilizopita. Hakuna neno lililobadilishwa. Msomaji wa Kenya, ambako dawa za kupunguza makali ziliwafikia wengi kwa kuchelewa, hahitaji kuelezwa maana ya miaka hiyo. Mwaka 2009, Anthony Rapp na Adam Pascal, waliokuwa Mark na Roger wa mwanzo, walirejea katika majukumu hayo kwenye ziara ya Marekani wakiwa wanakaribia umri wa miaka 40. Maneno yalikuwa ya vijana waliokata tamaa. Nyuso zilikuwa za watu waliosalimika. Aliyewaona katika ziara hiyo pekee aliwaona waigizaji wawili. Aliyewaona pia 1996 aliona historia ya ugonjwa. (Mwanafunzi wa sarufi naye asikose burudani yake: mhusika mkuu wa kike anaitwa Mimi, jina lililorithiwa kutoka kwa Puccini, na kila anapoitwa jukwaani sikio la Mswahili husikia nafsi ya kwanza umoja.)

Wapo watakaopinga. Watasema kwamba shabiki haifuati sanaa bali humfuata nyota, na kwamba angekuwa radhi kumsikiliza akisoma orodha ya bei za mboga. Watasema pia kwamba maonyesho ya ziara ni bidhaa ya kiwandani: msimamizi wa jukwaa hufuata kitabu chenye kila ishara ya taa na kila hatua ya mguu, ili watu wa mji wa kumi wauziwe kitu kilekile walichouziwa watu wa mji wa kwanza. Hoja ya kwanza ni kweli kwa baadhi ya mashabiki, kama ilivyo kweli kwa baadhi ya wasomi na waandishi wanaowatukuza. Hoja ya pili ni nzito zaidi, na haipaswi kupuuzwa. Biashara hii huuza mfanano. Lakini ni mfanano huohuo unaompa shabiki kipimo. Kila kitu kikiwa kimeamriwa kifanane, tofauti ndogo iliyopenya, kicheko kilichochelewa, sauti iliyokwaruza, hadhira ya mji fulani iliyonyamaza mahali ambapo wengine hucheka, huonekana wazi kama doa kwenye kanzu. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Na wa kwanza kuyaonja maji hayo ni mnywaji wa kila siku.

Ajabu ni kwamba wanafunzi wa Kiswahili wanayajua haya yote, ila wanayajua katika kozi nyingine. Katika fasihi simulizi, hufunzwa kwamba utendaji ndio uhai wa utanzu. Ruth Finnegan alilisisitiza hilo tangu 1970. Hufunzwa kutofautisha hadhira tendi na hadhira tuli. Hufunzwa kwamba hadhira ya ngano huijua ngano kabla fanani hajafungua kinywa, na kwamba kuijua huko ndiko kunakoifanya iweze kuitikia, kusahihisha na kudai. Pwani, Barzanji husomwa katika Maulidi mwaka baada ya mwaka, na hakuna amwambiaye mzee wa Lamu kwamba aliisikia mwaka jana. Katika taarab, mtu huinuka kwenda kumtunza mwimbaji kwa ubeti aliousikia tangu ujanani, kwa sababu usiku huo ubeti umemgusa mahali papya. Mcheza kwao hutunzwa, naye hutunzwa na wanaomjua. Lakini saa ya fasihi simulizi ikiisha na ya tamthilia kuanza, mafunzo haya hufungiwa kabatini. Tamthilia inakuwa kitabu. Vizazi kadhaa vimeisoma Kinjeketile ya Ebrahim Hussein tangu ilipochapishwa mwaka 1969, vikachambua maudhui, wahusika na mandhari yake. Wengi miongoni mwao hawajawahi kuiona ikipanda jukwaani hata mara moja, sembuse mara mbili.

Wala si kwamba Kenya haina marejeo ya aina hii. Mwaka 1977, wanakijiji wa Kamĩrĩĩthũ, Limuru, walihudhuria mazoezi ya Ngaahika Ndeenda ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ, yaliyofanyika hadharani, wakayatolea maoni na kuyarekebisha. Tamthilia hiyo iliyosheheni nyimbo na ngoma ilipofunguliwa tarehe 2 Oktoba, sehemu ya hadhira yake tayari ilikuwa hadhira ya marudio. Serikali ilipoondoa kibali mwezi uliofuata, haikuwanyima watu habari ya namna hadithi inavyokwisha, maana waliijua. Iliwanyima kurudi. Tamthilia hiyohiyo iliporejea jukwaani Nairobi mwaka 2022, ilichezwa kwa Kikuyu na kwa Kiingereza, kiasi kwamba aliyetaka angeweza kuitazama katika lugha mbili na kuona kicheko kinahamia wapi. Msomi wa tafsiri angepata wapi maabara iliyo bora kuliko hiyo?

Kila mwaka, katika tamasha za drama za shule na vyuo, tamthilia za Kiswahili na ngonjera hupanda kutoka ngazi za chini hadi ya kitaifa. Waamuzi hutoa maoni, mwalimu hurekebisha, mtoto hubadilishwa, kiitikio hupunguzwa. Aliyelifuata onyesho moja katika ngazi zote ameshuhudia historia ya matini. Vilevile, vikundi vya waigizaji vimezunguka katika shule za upili kwa miaka mingi na tamthilia teule, Kifo Kisimani, Mstahiki Meya, Kigogo na Bembea ya Maisha, kila moja kwa zamu yake. Huigizwa leo katika ukumbi wa shule ya wasichana, kesho katika bwalo la shule ya wavulana. Mahali wasichana walipozomea, wavulana huenda wakashangilia. Matini ni ileile na waigizaji ni walewale, lakini onyesho si lile. Ni nani aliyelifuata gari la kikundi hicho kwa muhula mmoja akiwa na daftari? Tasnifu nyingi za tamthilia huandikwa maktabani, utendaji ukipewa aya moja ya heshima karibu na mwisho.

Sababu itolewayo mara nyingi ni fedha, nayo ni sababu ya haki. Mwanafunzi anayehesabu nauli ya kwenda mjini hawezi kuambiwa anunue tikiti tano. Lakini kutazama mazoezi ya kikundi cha chuo hakulipiwi, na idara iliyo tayari kugharimia nakala za kitabu kimoja kwa darasa zima inaweza kugharimia viingilio vichache. Kikwazo kikubwa kinapatikana kwingine, katika fomu ya pendekezo la utafiti. Mwanafunzi akiandika kwamba nyanjani atawahoji watu 30 juu ya tamthilia, jopo huitikia kwa kichwa. Akiandika kwamba ataitazama tamthilia moja mara nane, katika kumbi nne, na kurekodi kila penye tofauti, ataulizwa data yake ni ipi. Ataulizwa pia, pengine kwa utani, kama hiyo si njia ya kutaka kutazama michezo kwa gharama ya chuo. Jopo likishacheka, ndipo mwanafunzi anapobadilisha mada na kurudi kwenye dhamira katika kitabu ambacho wengine 20 wamekwisha kukichambua.

Kijana aliyelala kwenye foleni ya Nederlander kwa ajili ya kiti cha dola 20 hakuwa na jopo la kumwidhinisha. Asubuhi aliyakunja mablanketi, akaoga nyumbani kwa rafiki, na jioni akaketi safu ya mbele kusubiri kuona ni nani angepumua wapi.