SAKAFU INAPOVIMBA



Mwezi wa Februari tulikwenda Newala kumpa hongera mwenzetu aliyejifungua. Tulivua viatu mlangoni kama ilivyo desturi, na kabla hatujafika kwenye kiti mmoja wetu akajikwaa. Kutazama chini, tukaona vibao vya sakafu vimeinuka pale vinapokutana, mithili ya mgongo wa paa. Kando ya ukuta vilikuwa vimeingia weusi, na chumba kilinuka kama kanga zilizokunjwa kabla ya kukauka.

Mwenzetu aliona haya. Sakafu ile ya lamineti waliiweka Desemba, kwa fedha za korosho za msimu mzima. Baba watoto alikuwa amekwisha kutoa hukumu: mama ameiharibu kwa kudeki na maji mengi. Naye mama alikuwa amekwisha kuikubali. Tangu Januari alikuwa hadeki tena, anafagia tu, na sakafu ikaendelea kuvimba.

Hapo ndipo tulipoanza kuuliza. Kama maji ya deki ndiyo kosa, mbona deki imekoma na uharibifu unaendelea? Tuliomba ruhusa, tukang'oa kibao kimoja kilichokuwa tayari kimelegea karibu na mlango. Juu kilikuwa kikavu. Upande wa chini kilikuwa kimelowa, sponji nyembamba iliyotandikwa chini yake ilikuwa na matone, na saruji ilikuwa na rangi nyeusi ya unyevu. Baba watoto alichuchumaa, akaigusa kwa kiganja, akanyamaza kidogo. Kisha akasema, "Mama, maji haya hukuyamwaga wewe."

Tumeona vema tuzungumzie jambo hili mwezi huu, kwa kuwa vibao hivi sasa vinasafiri kutoka Dar es Salaam hadi Masasi na Newala, na wanaovinunua wengi hawajaambiwa vimetengenezwa na nini. Lamineti si mbao. Ndani ni unga wa mbao ulioshindiliwa kwa gundi, na juu ni karatasi yenye picha ya mbao iliyofunikwa kwa ngozi ngumu isiyopitisha maji. Ngozi hiyo hustahimili viatu na viti, lakini kingo za kibao ziko wazi. Maji yakipenya kwenye kingo, unga ule huvimba, na ukisha kuvimba haurudi ulivyokuwa hata ukiuanika juani wiki nzima. Wala huwezi kuupiga randa, kwa sababu picha yenyewe ni nyembamba kama karatasi ya daftari.

Na maji yatoke wapi? Akina mama wa Uwanda wa Makonde watatucheka. Hapa ndipo mahali ambapo mchanga hunywa mvua yote, na bibi zetu waliteremka mabondeni kutafuta ndoo moja ya maji. Sisi tunayeyahangaikia maji kila siku, leo tulalamike kwamba yamejaa sakafuni? Lakini ndivyo ilivyo. Ardhi hubaki na unyevu hata pale ambapo huwezi kuchimba kisima. Zege na matofali ya kuchoma huunyonya unyevu huo na kuupandisha juu, kama utambi unavyopandisha mafuta ya taa. Nyumba nyingi zetu jamvi lake limemwagwa juu ya kifusi bila kutandika nailoni nzito, basi unyevu hauna wa kuuzuia.

Sakafu ya udongo ya mama zetu nayo ilipitisha unyevu, tena mwingi. Ila ilikuwa wazi. Unyevu ulipanda, ukakutana na hewa, ukaenda zake. Mkeka ulitandikwa usiku, asubuhi ukakunjwa na kuanikwa. Sisi tumeweka kifuniko kisichokunjwa. Na hili si la lamineti peke yake. Wewe uliyetandika kapeti la plastiki sebuleni, inua pembe moja leo, hasa ile iliyo nyuma ya kabati, uone. Ukikuta kuvu na harufu, ujue mtoto anayelala chini na kukohoa kila masika huenda anavuta hewa hiyo, na kwa mwenye pumu kuvu huamsha ugonjwa.

Liko jambo jingine ambalo twadhani ndilo kubwa kuliko yote, nalo ni kalenda. Korosho huvunwa kuanzia Septemba au Oktoba, na fedha za mnada huingia mikononi Novemba na Desemba. Mvua nazo huanza wakati huo huo na kuendelea hadi Aprili. Kwa hiyo fedha ya sakafu na maji ya sakafu hufika pamoja! Fundi humwaga jamvi Novemba, Desemba anapiga vibao juu yake, kila mtu anafurahi Krismasi. Lakini jamvi la sentimita 10 halikauki kwa wiki tatu. Linahitaji miezi, na siku za mvua na ukungu hazihesabiki. Zege likiwa gumu si kwamba limekauka.

Hivyo, mama, fedha ikija Novemba, nunua saruji, malizeni jamvi, na kabla ya kulimwaga hakikisha kwa macho yako kwamba nailoni nzito imetandikwa chini, vipande vikipishana kwa sentimita 20 au zaidi. Usione haya kumsimamia fundi. Nailoni hiyo ni bei ndogo sana ukilinganisha na vibao. Kisha ngojeni hadi Juni au Julai. Tunajua kungoja kuna hatari yake, maana fedha iliyokaa ndani huitwa na ada ya shule, msiba na harusi. Ndiyo maana twasema ni afadhali vibao vinunuliwe na kuhifadhiwa vikiwa ndani ya maboksi yake, vimelazwa juu ya meza au vichaga, kuliko kuviweka juu ya jamvi bichi kwa kuogopa fedha isipotee.

Ikifika Julai, pima. Kata kipande cha nailoni inayoonyesha, upana wa nusu meta kila upande, ukibandike sakafuni kwa gundi ya karatasi kando zote bila kuacha mwanya, ukiache usiku na mchana. Ukikuta matone chini yake, au saruji imekuwa nyeusi kuliko ile ya pembeni, usiweke kitu. Fanya hivyo katika kila chumba, maana chumba cha upande wa tangi la maji ya mvua mara nyingi huwa tofauti. Nyumbani kwa mwenzetu tangi lilikuwa hatua mbili kutoka ukutani, na lilipojaa lilimwagikia kwenye msingi. Mfereji mmoja wa kupeleka maji yale kwenye migomba ungeokoa mengi.

Wakati wa kuviweka, vibao vilale chumbani siku mbili vizoee hewa, nailoni itandikwe tena chini ya sponji, na fundi aache mwanya wa milimita 8 hadi 10 kando ya kuta zote. Mwanya hufunikwa na skating. Fundi wa Newala alivibana vibao hadi ukutani ili kazi ionekane nadhifu, navyo vilipovimba havikuwa na pa kwenda isipokuwa juu.

Kudeki kunaruhusiwa, ila kwa tambara lililokamuliwa hadi lisidondoke, na maji yakimwagika yafutwe papo hapo. Madirisha yafunguliwe jua likishapanda, si alfajiri wakati ukungu umelala juu ya mji.

Kama sakafu yako imekwisha kuvimba, ng'oeni skating kwanza, mvue vibao kuanzia ukutani. Vilivyovimba vitupwe, vizima viwekwe pakavu. Zuieni maji ya nje, halafu acheni jamvi wazi kiangazi chote. Kuvu uoshe kwa sabuni na maji, ukaushe vizuri. Ukitumia dawa ya klorini fungua madirisha, wala usiichanganye na dawa nyingine yoyote, hata siki. Na jamvi likikataa kukauka, kwa maoni yetu achaneni na lamineti kabisa. Niru iliyopigwa vizuri, yenye rangi nyekundu na mkeka juu yake, haina aibu yoyote mbele ya wageni.

Mwenzetu wa Newala vibao vizima vyake ni vya chumba kimoja tu. Viko juu ya kabati, vinangoja Julai, na baba watoto amekwisha kuchimba mfereji.