Barua ya wazi kwa TNCM: Mwombaji wa fedha za VVU na kifua kikuu apimwe huku Singida

Kwa Mwenyekiti na Wajumbe,
Kamati ya Taifa ya Uratibu wa Mfuko wa Dunia (TNCM),
Dodoma.

Ndugu Mwenyekiti,

Ruzuku ya Mfuko wa Dunia inayoendelea sasa, iliyoanza Januari 2024, inafika ukingoni Desemba 2026. Kamati yenu ndiyo yenye kazi ya kupendekeza nani apokee na kusimamia fedha za VVU na kifua kikuu za awamu inayofuata, upande wa Serikali na upande wa asasi za kiraia. Ni uamuzi unaofanyika ukumbini, kwa makabrasha, na wananchi wengi hawajui hata kama upo. Nawaandikia kutoka Manyoni kuomba jambo moja tu. Mnapotoa alama kwa waombaji, uzito mkubwa uwe kwa yule anayeweza kuthibitisha kwamba fedha aliyoipokea itamfikia mhudumu wa kijijini kwa wakati, na kwamba ikikwama njiani anao mpango wa kuzuia kazi isisimame.

Naomba niwaonyeshe kazi hiyo ilivyo kwa karibu. Mkoa huu wa Singida una wachimbaji wadogo wa dhahabu Londoni hapa Manyoni, Sambaru na Mang'onyi kule Ikungi, na Sekenke wilayani Iramba ambako dhahabu imechimbwa tangu enzi za Wajerumani. Vumbi la mawe huharibu mapafu, na mapafu yaliyokwisha kuharibika hushikwa na kifua kikuu kwa urahisi. Mchimbaji anakohoa wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu, na kila akiulizwa anajibu kuwa ni vumbi tu. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii anamfuata hukohuko kwenye duara, yaani shimo la dhahabu, au karashani kunakosagwa mawe, na kumuuliza: unakohoa tangu lini, unatoka jasho usiku, umepungua uzito, una homa? Akiona dalili anampa kopo, anamwambia asogee pembeni mahali pa wazi mbali na wenzake, avute pumzi hadi ndani kabisa, akohoe makohozi ya kifuani na asiteme mate. Kopo linafungwa vizuri. Jina linaandikwa ubavuni, kwa sababu likiandikwa kwenye mfuniko, mifuniko ikibadilishana majibu nayo yanabadilishana. Kisha sampuli inawekwa kwenye kiboksi cha baridi kusubiri safari.

Mashine ya GeneXpert ikishaipokea, jibu linapatikana kwa muda usiozidi saa mbili. Siku nyingi zinaliwa na njia: bodaboda, mafuta, na mtu wa kuyalipia. Kwenye bajeti ya ruzuku, kipengele hicho ni mstari mmoja mdogo ambao bila shaka wengi wenu mmeupitia kwa jicho la haraka. Huku kwetu mstari huo ndio mradi wenyewe. Ukikosa fedha, mhudumu anatoa mfukoni mwake mara ya kwanza, anatoa mara ya pili, ya tatu anaacha, na hakuna mwenye haki ya kumlaumu. Mchimbaji naye hakai mahali pamoja. Akisikia duara limetema Chunya au Geita anafunga virago na kuondoka na kikohozi chake, analala banda moja na wenzake sita au saba, na majibu yakirudi hakuna wa kuyapokea.

Fedha za Mfuko wa Dunia hutoka Geneva zikaingia kwa mpokeaji mkuu. Yeye huzipeleka kwa wapokeaji wasaidizi, nao huingia mikataba na asasi au halmashauri, ndipo mhudumu anapolipwa. Kila ngazi ina mkataba wake, taarifa yake na mkaguzi wake, na ruzuku mpya ikianza mikataba mingi huandikwa upya. Dozi ya kifua kikuu cha kawaida ni miezi 6. Fedha zikichelewa miezi 3 tu, mgonjwa aliyeanza dawa siku ruzuku ilipobadilika atakuwa amemaliza nusu ya dozi bila kutembelewa. Ndiyo maana sikubaliani na wale wanaouita ucheleweshaji wa aina hii tatizo la utaratibu. Kwa ugonjwa huu, kuchelewa ni kuvunja dozi, na dozi iliyovunjwa ndiyo inayozaa kifua kikuu sugu.

Aibu yake ni kwamba nchi hii ndiyo iliyoufundisha ulimwengu somo hili. Mpango wa Taifa wa Kifua Kikuu na Ukoma ulianza mwaka 1977, na kazi aliyoifanya hapa daktari Karel Styblo pamoja na wataalamu wetu ndiyo iliyozaa mkakati ambao Shirika la Afya Duniani liliueneza miaka ya 1990 kwa jina la DOTS. Msingi wake ulikuwa huu: dawa isikatike, mgonjwa afuatiliwe mpaka mwisho, na kila wilaya iweze kueleza wagonjwa wake wameishia wapi. Nawaomba mpokeaji mkuu wa fedha apimwe kwa kipimo hichohicho.

Upande wa VVU hali haiko mbali na hiyo. Utafiti wa viashiria vya UKIMWI wa 2022/2023, ambao matokeo yake yalitangazwa Morogoro Siku ya UKIMWI Duniani mwaka 2023, ulionyesha kuwa kati ya watu wazima wanaoishi na VVU, asilimia 82.7 walikuwa wanajua hali zao. Kati ya hao, asilimia 97.9 walikuwa kwenye dawa, na kati ya walio kwenye dawa asilimia 94.3 walikuwa wamefubaza virusi. Mtu akishafika kliniki ya tiba na matunzo (CTC), mambo yanakwenda. Pengo liko kwa yule ambaye hajapima, na huyo hafikiwi kwa mkutano wa hotelini. Anafikiwa na WAVIU mshauri, yaani mtu anayeishi na VVU anayewashauri wenzake na anayejua nyumba yake, na Konga, umoja wa wilaya wa watu wanaoishi na VVU, unaojua nani ameacha dawa na kwa sababu gani. Anafikiwa usiku pale Muhalala na Misigiri, malori ya Rwanda, Burundi na Kongo yanapoegesha. Hayo ni maeneo yasiyoonekana kwenye wasifu wa shirika, hata liwe na ofisi ya ghorofa ngapi Dar es Salaam.

Simaanishi kwamba hesabu zilegezwe. Jirani zetu wa Uganda wanajua gharama yake. Agosti 2005 Mfuko wa Dunia ulisimamisha ruzuku zote tano za nchi hiyo baada ya kubaini usimamizi mbovu kwenye kitengo kilichokuwa ndani ya Wizara ya Afya, na tume ya Jaji James Ogoola ikaanika mengi hadharani. Ruzuku zilirudishwa baada ya miezi michache, lakini aibu ilibaki. Mwizi wa fedha hizi anaiba dawa za watu, na mchujo wenu lazima umkamate kabla hajaingia.

Ila Uganda hiyohiyo ilifanya jambo jingine ambalo hatulitaji vya kutosha. Nafasi ya mpokeaji mkuu upande wa asasi ilikuja kushikwa na TASO, shirika lililoanzishwa mwaka 1987 na Noerine Kaleeba na wenzake, watu ambao UKIMWI ulikuwa umeingia majumbani mwao. Walianza kwa kukutana kufarijiana, leo wanasimamia mamilioni ya dola. Kwetu Bara, mashirika yaliyowahi kushika nafasi hiyo ni pamoja na Pact, PSI, Save the Children na Amref. Sina ugomvi na kazi yao, na Amref ni shirika la Kiafrika lenye mizizi mirefu hapa. Ninachouliza ni wapi ilipo ngazi ya kupandisha asasi zilizozaliwa nchini. NACOPHA, baraza la watu wanaoishi na VVU, limewahi kuaminiwa na Wamarekani kuongoza mradi wa Hebu Tuyajenge. Basi yeyote mtakayemchagua, mkataba wake umlazimishe kulea asasi za hapa katika uhasibu, manunuzi na ukaguzi, ili siku ya mchujo mwingine zije mezani zikiwa na hesabu zinazosimama.

Upande wa Serikali, ambako mpokeaji ni Wizara ya Fedha, njia fupi ipo na tumeijenga wenyewe. Tangu mwaka wa fedha 2017/2018 fedha za mfuko wa pamoja wa afya zinaingia moja kwa moja kwenye akaunti ya kituo. Zahanati ya kijijini ina akaunti benki, ina kamati ya usimamizi, na mganga mfawidhi anajua kuandika hati ya malipo. Kwa nini nauli ya makohozi ipite ngazi nne kabla ya kufika kwenye zahanati ambayo tayari inapokea fedha za mfuko huo wa pamoja bila kupita kwa mtu wa kati? Ikiwa kuna kikwazo cha kanuni, Wizara ikitaje waziwazi wakati wa mchujo, ili kijadiliwe na kuondolewa kabla mikataba haijasainiwa.

Haya yote yana uzito zaidi sasa kuliko miaka iliyopita. Januari 2025 Marekani ilisitisha misaada yake ya nje, na miradi iliyokuwa ikiwalipa wahudumu ikafungwa mlango kwa amri ya siku moja. Mwaka huohuo Mfuko wa Dunia ulipunguza ruzuku ambazo nchi zilikuwa zimekwisha kuahidiwa. Novemba 2025, kule Johannesburg, wahisani waliahidi dola bilioni 11.34 wakati lengo lilikuwa bilioni 18. Kikapu kimepungua. Kila mwombaji aeleze kwa tarakimu ni kiasi gani katika kila shilingi 100 kitabaki makao makuu, kiasi gani kwa wasaidizi wake, na kiasi gani kitavuka kufika kwenye kata. Tarakimu hizo zichapishwe.

Vigezo vya kuchagua navyo vichapishwe, kwa Kiswahili, kabla ya mchujo, na alama za kila mwombaji zichapishwe baada yake. Kanuni za Mfuko wa Dunia zinadai mchakato wa wazi, na zinamtaka mjumbe mwenye maslahi ajiondoe. Mjumbe ambaye shirika lake linaomba, au linatarajia kuwa msaidizi wa anayeomba, atoke nje ya ukumbi na jina lake liandikwe kwenye muhtasari. Wawakilishi wa watu wanaoishi na VVU na wa waliougua kifua kikuu wapewe muda na nauli ya kurudi mikoani kuuliza kabla ya kupiga kura. Mkoa wa Singida una watu zaidi ya milioni 2 kwa sensa ya 2022. Sidhani ni wengi kati yao wanaoweza kumtaja anayewasemea kwenye kamati yenu.

Mwisho, waombaji wawili au watatu watakaobaki baada ya mchujo wa makaratasi, wapelekeni safari kabla ya uamuzi. Wapite Itigi waelekee kusini, Mitundu, Mgandu hadi Rungwa, au waende Munguli kule Mkalama wanakoishi Wahadzabe. Wasitangulize taarifa. Wamuulize mhudumu wa kwanza watakayemkuta lini alilipwa mara ya mwisho, wafungue rejista ya makohozi, wahesabu siku kati ya tarehe ya kuchukua sampuli na tarehe ya jibu, kisha warudi Dodoma waiambie kamati kila mmoja atazipunguzaje siku hizo, kwa fedha ipi na kuanzia mwezi gani. Majibu yao yaingizwe kwenye mkataba kama sharti la malipo.

Naomba kamati itangaze ratiba ya mchujo huo kwenye magazeti na kwenye redio za mikoani, ili nasi tujiandae kutoa maoni yetu kwa wakati.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mkazi wa Manyoni, Singida