Mtoto anayekojoa kitandani ahurumiwe, asifedheheshwe

  

Mkoani Singida, kama ilivyo kwingineko nchini, wangalipo wazazi wanaomhesabu mtoto anayekojoa kitandani kuwa ni mvivu au mkaidi. Huchapwa alfajiri, hutwishwa godoro lililolowa na kupitishwa mbele ya majirani, huku wenziwe wakimwimbia nyimbo za kejeli. Mtoto aliyefedheheshwa hivyo huanza kuikwepa shule na hata madrasa, akichelea kuambiwa ananuka. Leo tunasema wazi kwamba huo ni udhalimu.

Mtume (SAW) ametufundisha kuwa kalamu ya kuandika madhambi imeondolewa kwa aliyelala hadi aamke, na kwa mtoto hadi abaleghe. Mtoto huyu ana nyudhuru zote mbili. Ni nani basi aliyetupa haki ya kumwadhibu kwa jambo ambalo Mola wake hamwandikii?

Waganga wa hospitali nao wanatueleza kuwa, katika watoto wa miaka 5, takriban mmoja katika kila 7 hukojoa kitandani, na walio wengi huacha kadiri wanavyokua. Hali hii pia hurithiwa, hivyo huenda baba anayeshika fimbo naye alikuwa vivyo hivyo utotoni. Wakati mwingine huwapo maradhi, kama vile kufunga choo, maambukizi ya njia ya mkojo, kisukari au selimundu.

Lakini mtoto aliyekwisha kuacha kwa miezi 6 au zaidi, kisha akaanza tena, atazamwe kwa makini zaidi. Mara nyingi kuna jambo lililomtikisa: talaka, ugomvi wa wazazi, msiba, kuzaliwa kwa mdogo wake, kupelekwa kuishi kwa jamaa, vipigo, au hata kufanyiwa ukatili anaoogopa kuusema. Katika Sura Al-Baqara, aya ya 233, Allah anakataza mama au baba kudhuriwa kwa sababu ya mtoto, na anawataka washauriane. Wazazi walioachana wangeizingatia aya hii, watoto wao wangelala kwa amani.

Yako pia mazingira. Katika vijiji vya Iramba, Mkalama, Ikungi na Manyoni, nyumba nyingi zina choo cha uani. Mtoto huamka, akaogopa giza na mlio wa fisi, akarudi kulala. Huyu hahitaji fimbo wala hirizi. Awekewe ndoo chumbani, au mzazi amsindikize na kurunzi. Anywe maji ya kutosha mchana, apunguziwe chai na uji saa mbili kabla ya kulala, na aende haja kwanza. Akiamka mkavu, asifiwe.

Anayeendelea baada ya miaka 7, aliyeanza upya, anayepata maumivu, anayekonda au mwenye kiu kupindukia, apelekwe kituo cha afya.

Tukumbuke kuwa Ummu Qays binti Mihsan alimleta mwanawe mchanga kwa Mtume (SAW), akamkojolea nguoni. Mtume alitaka maji tu, akainyunyizia nguo yake. Hata bedui mtu mzima alipokojoa msikitini, Mtume aliwazuia masahaba wasimkaripie, akaamuru ndoo ya maji imwagwe pale. Mkojo ni najisi, na najisi huondolewa kwa maji, wala hapana josho la janaba. Fimbo haitoharishi shuka.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 nayo inakataza kumtesa na kumdhalilisha mtoto. Maimamu na walimu wa madrasa wa Singida walifikishe jambo hili mimbarini na darasani, na wawakemee wanafunzi wanaowacheka wenzao. Mtoto ni amana, na kila mchunga ataulizwa juu ya alichokichunga.

Tunamuomba Allah atujaalie huruma majumbani mwetu. Amin.