Kamba, Kivuli na Sheria ya Kijiji



Hapa kwetu Kilosa hakuna asiyejua kwa nini mnyama hufungwa. Mbuzi aliyeachwa huru huingia katika mahindi ya jirani, na mbwa azururaye huwatisha watoto waendao shule. Wala jambo hili si dogo. Desemba 2000 watu 38 waliuawa Rudewa Mbuyuni, humu humu wilayani, katika ugomvi wa wakulima na wafugaji. Kwa hiyo kijiji kinapoamuru kila mmoja azuie mifugo yake, kinalinda amani, nasi twaiunga mkono amri hiyo. Linalotusumbua ni kwamba mara nyingi amri husema "funga", kisha hunyamaza. Haisemi kamba iwe na urefu gani, kivuli kitoke wapi, wala maji yaletwe na nani.

Sheria ya nchi haikunyamaza. Tangu 2008 tunayo Sheria ya Ustawi wa Wanyama, Na. 19 ya mwaka huo, iliyojengwa juu ya mambo matano: mnyama asiteswe na njaa na kiu, asikae katika adha, asiachwe na maumivu na maradhi, asiishi kwa hofu, tena apate nafasi ya kuishi kwa namna ya maumbile yake. Mbwa wa ulinzi yumo ndani ya sheria hiyo sawasawa na ng'ombe wa maziwa. Lakini ni wangapi kati yetu, hata sisi viongozi, tumewahi kuisikia ikisomwa katika mkutano wa kijiji?

Tazameni hali ilivyo. Mbwa hufungwa alfajiri nyuma ya jiko. Kufika saa saba mnyororo umekwisha kuuzunguka mti, umebaki shubiri mbili, kivuli kimehama upande wa pili, na kopo la maji limepinduka. Mbuzi naye hupigiwa kigingi katikati ya uwanja, juani. Na sisi watu wa nchi ya mkonge twaijua katani: ikilowa mvua hukaza, na fundo lililokuwa legezi asubuhi huwa kitanzi shingoni jioni. Usiku mbwa yule yule hufunguliwa, nasi twamtaka awe mkali kwa mwizi na mpole kwa mtoto.

Tena mnyororo si chanjo. Mbwa mwenye kichaa apitaye njiani humkuta wetu amefungwa, hawezi kukimbia, akamwuma. Kisha huyo ndiye alalaye mlangoni petu. Asiyemchanja mbwa wake amefunga hatari nyumbani mwake. Aliyeumwa na aoshe jeraha kwa sabuni na maji yatiririkayo kwa muda wa dakika 15, kisha awahi hospitali bila kungoja, kwa maana dalili za kichaa zikishatokea ni nadra mno mtu kupona. Na sisi tulioona Mto Mkondoa ulivyofurika Desemba 2009 na Januari 2010 twajua kwamba maji hayangoji mtu akumbuke kigingi.

Watakuwapo wasemao: watu wenyewe hawana maji ya kutosha, ninyi mwatuletea habari za mbwa? Swali ni la haki. Lakini haya hayahitaji fedha nyingi. Waya ukivutwa kati ya miti miwili na mnyororo ukateleza juu yake, mbwa hutembea bila kujisokota. Banda la fito na nyasi humtosha. Sufuria iliyotoboka ubavuni bado huhifadhi maji chini ya tundu. Bwana wetu mwenyewe, katika Luka sura ya 13, alipowajibu waliomlaumu kwa kuponya siku ya Sabato, aliwakumbusha kuwa kila mmoja wao humfungua ng'ombe au punda wake siku hiyo akamnyweshe. Hoja yake ilisimama kwa sababu wote walikubali kwamba mnyama aliyefungwa ana haki ya maji.

Halmashauri ya Kijiji ina uwezo wa kutunga sheria ndogo kwa mujibu wa Sheria Na. 7 ya 1982. Hupelekwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Kijiji, kisha Halmashauri ya Wilaya huidhinisha. Basi palipoandikwa "afungwe" paongezwe maneno machache: kwa kamba isiyombana, penye kivuli, maji yakiwa karibu, na mbwa awe amechanjwa. Twaonya jambo moja. Faini isitangulie. Mjane mwenye mbuzi wawili aonywe na kuelekezwa kwanza, na faini yoyote itozwe kwa stakabadhi. Bila stakabadhi, hiyo ni rushwa iliyovaa kanzu ya huruma.

Mkutano Mkuu hukutana kila miezi mitatu. Wenyeviti wa jumuiya ndogondogo waijadili hoja hii na watu wao, waiandike, na kuiwasilisha kwa Afisa Mtendaji wa Kijiji kabla ajenda haijafungwa.