Moto wa Lolldaiga na Lugha ya Mahakama

Wahenga walinena kwamba wapiganapo fahali wawili, ziumiazo ni nyasi. Katika vilima vya Lolldaiga, kaunti ya Laikipia, fahali hawakupigana. Walikuwa wakifanya mazoezi tu, na nyasi zikaungua kwelikweli. Mwezi wa Machi 2021, moto ulizuka wakati wa mazoezi ya wanajeshi wa Uingereza wenye kambi yao Nanyuki, ukateketeza maelfu ya ekari za hifadhi. Mwananchi mmoja alifariki katika harakati za kuuzima.

Likizo iliyopita nilikuwa nyumbani Mukurweini. Asubuhi moja, kwenye foleni ya maziwa, mzee mmoja aliyeoza binti yake upande wa Nanyuki alinigeukia. "Mwanangu, wewe unayesomea Kiswahili chuoni, hebu nieleze. Ile kesi ya moto, wananchi walishinda au walishindwa?" Nilifungua kinywa, nikakifunga. Yote niliyoyasoma yalikuwa kwa Kiingereza, na maneno ya kulieleza shauri lile kwa Kiswahili sikuwa nayo.

Ndugu msomaji, shauri lenyewe halikuwa fumbo. Shirika la kutetea mazingira, African Centre for Corrective and Preventive Action, pamoja na wakazi, walikwenda katika Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Uingereza ikajikinga kwa hoja kwamba dola haishtakiwi katika mahakama ya dola nyingine. Mwaka 2022 mahakama iliikataa kinga hiyo, ila ikaelekeza madai yapitie kwanza kamati ya pamoja ya serikali hizi mbili, iliyowekwa na mkataba wao wa ulinzi. Miaka ikapita. Mwaka 2025 Uingereza ilikubali kuwalipa wadai 7,723 jumla ya pauni milioni 2.9, yaani wastani wa pauni 375 hivi kwa kila mmoja. Je, huko ni kushinda? Kwa maoni yangu, walishinda mlangoni, kisha wakalipwa kabla ya kuingia ndani. Hakuna hukumu iliyotamka ni nani anayewajibika kwa vilima vyenyewe.

Hata huo mlango haukufunguka kwa urahisi. Mwaka 1989 Wangari Maathai, binti wa Nyeri hii hii, alikwenda mahakamani kuzuia jengo la ghorofa 60 katika bustani ya Uhuru. Akaambiwa hakuwa na haki ya kushtaki, kwa kuwa yeye binafsi hakudhurika. Katiba ya 2010, katika ibara ya 70, inamruhusu mtu yeyote kulalamika mahakamani kuhusu mazingira bila kuthibitisha kwamba kuna aliyepata hasara. Ni wangapi katika foleni ile ya maziwa wanaoijua ibara hiyo?

Hapo ndipo lawama inapotugeukia sisi. Ibara ya 7 ya katiba hiyo hiyo inakifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi, ilhali kifungu cha 86 cha Sheria ya Mashauri ya Madai kinaitaja lugha ya Mahakama Kuu kuwa Kiingereza. Wapo watakaosema kwamba Kiswahili hakina istilahi za kutosha za sheria. Hoja hii sikubaliani nayo hata kidogo, kwani istilahi huzaliwa pale zinapotumiwa, na sisi hatujazitumia. Tumezichambua tamathali za semi katika diwani zile zile mpaka zimechoka (wahadhiri wangu wanisamehe). Kwa nini mwanafunzi wa mwaka wa mwisho asikubaliwe kuifasiri hukumu moja ya mazingira iwe ndiyo tasnifu yake, na nakala ipelekwe kwa watu inaowahusu?

Mimi nimeanza na uamuzi ule wa 2022. Ninakusudia kumpelekea mzee muhtasari wa kurasa mbili likizo ijayo, lakini nimekwama kwenye neno moja. Niandike "haki ya kushtaki" au "haki ya kusimama mbele ya mahakama"? La kwanza ni fupi. La pili, nahisi, mzee atalielewa upesi zaidi. Mwenye neno bora kuliko haya na aniandikie kupitia jarida hili kabla chuo hakijafungwa.