Motere yenye uchafu inaficha ugonjwa

Kila musimu tunapakiza mihogo na maharagi yetu tuvuke Tanganyika na motere iliyogandiwa mafuta na vumbi. Siye tunasema: isafishwe mbele ya kupakiza, si kisha kuzimika katikati ya ziwa na watu ndani. Chini ya ule uchafu ndipo panapovuja, ndipo waya imekatika, na hakuna anayeona.

Motere ipoe kwanza. Tufunike pa kuvutia hewa, tusugue na burushi na mazutu kidogo, kisha sabuni. Lakini si pale mwaloni, mama zetu wanapochota maji! Mafuta machafu yaingie bidoni.

Na pesa ya sabuni itoke kwenye sanduku la koperative. Mzigo ni wetu sote.